UTI: dawa gani, miligramu ngapi, kila baada ya saa ngapi na kwa siku ngapi (mwongozo kamili)

Karatasi ilikuja dirishani kwetu famasi imekunjwa mara nne, ndani ina mstari mmoja tu: sipro 500 (antibayotiki ya siprofloksasini), 1x2, siku 5. Dada mwenye karatasi akaniambia hii ni mara ya tatu ndani ya miezi minne, kila akienda anapewa hiyo hiyo, inapoa wiki mbili inarudi, na sasa ameshaambiwa ana UTI (maambukizi ya njia ya mkojo) sugu. Nikamuuliza zile za mara ya mwisho ulimeza vipi. Akasema "asubuhi moja, mchana moja, nikiona nimepata nafuu naacha, zinazobaki naweka." Akafungua pochi akanionyesha kweli, vidonge vinne vya awamu iliyopita, viko vile vile kwenye karatasi yake ya fedha. Homa hana, mgongo haumi, ni mkojo tu unachoma.

Sasa hapo makosa ni manne na la kwake ni moja. Dawa aliyopewa ilikuwa nzito kuliko ugonjwa, hakuna aliyemweleza saa za kumeza, na mara zote tatu hakuna aliyeotesha mkojo wake kuona ni mdudu gani. La kwake ni kuacha katikati.

Dozi sio idadi ya vidonge. Ni mambo manne yanayotembea pamoja: dawa yenyewe, miligramu, nafasi kati ya kidonge na kidonge, na siku. Watu wengi wanahangaika na miligramu peke yake, "nipe ile kali ya 500", kumbe tatizo liko kwenye saa au kwenye siku, au dawa haikuwa ya ugonjwa huo tangu mwanzo. Namba nitakazotaja humu ni za kawaida kwa mtu mzima ambaye figo zake ziko sawa, zitumie kukagua ulichoandikiwa na kuuliza maswali yenye maana. Usijiandikie dawa kwa kutumia hizi, maana antibayotiki ya UTI inachaguliwa kwa kumuangalia mtu na mimi sikuoni.

Hatua ya 1: jua iko kibofuni au imepanda kwenye figo

Hapa ndo kila kitu kinaanzia. UTI ya kibofu ni mkojo kuchoma, kukimbilia chooni kila dakika halafu yanatoka matone mawili, maumivu chini ya kitovu, pengine na damu kidogo. Homa hakuna. Ikipanda kwenye figo inakuja na homa, baridi ya kutetemeka, maumivu ya ubavuni kwa nyuma chini ya mbavu (daktari akikugonga hapo taratibu tu unaruka), kichefuchefu, kutapika.

Inahusu nini na dozi? Kuna dawa zinazojaa kwenye mkojo lakini kwenye nyama ya figo zinaingia kidogo sana. Nitrofurantoini ni hivo, fosfomisini ya kunywa nayo hivo hivo. Kibofuni zinapiga kazi safi, ila ukimpa mtu mwenye homa na ubavu unauma utakuwa unafagia ukumbini wakati moto uko jikoni.

Anayetapika mpaka maji hayakai, mjamzito mwenye homa, mtu aliyeanza kuchanganyikiwa au presha imeshuka, mtu ambaye mkojo umegoma kutoka kabisa, mtoto wa chini ya miezi mitatu mwenye homa: hawa wote ni hospitali leo leo, usisubiri kesho, na dozi yao mara nyingi inaanza kwa sindano au dripu.

Halafu kuna ambao hawana UTI kabisa. Ukiwa na uchafu ukeni na muwasho, au mwanaume unatoka usaha kwenye uume, hapo yanatakiwa kupimwa magonjwa ya zinaa na fangasi, na dawa zake ni nyingine. Na kwa kuwa naulizwa kila siku: UTI yenyewe sio ugonjwa wa zinaa, mwenzako hahitaji kumeza dozi ya UTI kwa sababu wewe unaumwa.

Hatua ya 2: mkojo upimwe unavyotakiwa

Osha sehemu za siri kwa maji, anza kukojoa, ule wa mwanzo uache uende, kinga wa katikati kwenye kichupa kisafi, wa mwisho uache. Ukikinga wa mwanzo unaleta bakteria wa kwenye ngozi halafu maabara inakusomea UTI ambayo huna. Kama ni wa kuotesha, ufike maabara ndani ya saa 2, la sivyo ukae kwenye friji, kwa sababu bakteria wanaendelea kuzaliana humo humo kwenye kichupa na majibu yanakuja yamevimba.

Kile kijiti cha rangi kinaangalia vitu viwili vikubwa, chembe nyeupe na nitraiti. Nitraiti inatokea pale bakteria kama E. koli, ambaye ndo anasababisha UTI nyingi kuliko wengine wote, anapobadilisha naitreti iliyoko kwenye mkojo. Anahitaji muda, kama saa 4 hivi za mkojo kukaa kibofuni, kwaiyo mtu anayekojoa kila baada ya dakika kumi anaweza kuonekana hana nitraiti na UTI anayo. Tena kuna bakteria wengine, enterokoka kwa mfano, hawatengenezi nitraiti kabisa. Kijiti kikisema hapana wakati dalili zinasema ndiyo, usikiamini sana kijiti.

Mwanamke ambaye sio mjamzito, mara ya kwanza, dalili ziko wazi, anaweza kuanza dawa bila kuotesha. Ila mjamzito, mwanaume, mtoto, mwenye homa, mwenye mpira wa mkojo, na yeyote ambaye imemrudia au dawa imegoma, hawa mkojo unaoteshwa, na sampuli inachukuliwa KABLA ya kidonge cha kwanza. Majibu yanatoka baada ya siku mbili tatu, dawa unaanza huku unasubiri, yakija mnaangalia kama mko kwenye njia.

Na bakteria kuonekana kwenye mkojo wa mtu ambaye hana dalili hata moja sio sababu ya kumpa dawa, isipokuwa mjamzito au mtu anayekwenda kufanyiwa upasuaji wa njia ya mkojo. Mzee ambaye mkojo unanuka tu, mpe maji kwanza.

Hatua ya 3: dozi za UTI ya kibofu kwa mwanamke mzima asiye mjamzito

Nitrofurantoini. Hii mimi ndo naanza nayo kichwani. Iko sokoni tangu miaka ya 1950 na mpaka leo E. koli wengi bado wanaisikia, kwa sehemu kwa sababu inampiga bakteria sehemu nyingi kwa pamoja na kwa sababu haizunguki sana mwilini, inaishia kwenye mkojo. Angalia boksi vizuri, kuna aina mbili. Ile inayoachia dawa taratibu ni miligramu 100 kila baada ya saa 12. Ile ya kawaida ni miligramu 50 kila baada ya saa 6, yaani mara nne. Siku 5 (sehemu nyingine wanatoa siku 3 kwa ile ya taratibu). Nimeshaona mtu kapewa ya kawaida anameza mara mbili kwa sababu jirani yake alimeza mara mbili, hawakujua kwamba vidonge vyenyewe sio vya aina moja. Meza na chakula, sio tu kwa ajili ya kichefuchefu, chakula kinafanya dawa iingie zaidi. Mkojo utakuwa wa njano iliyokolea mpaka kahawia, usishtuke, ni rangi ya dawa.

Kotrimoksazoli, wengi wanaijua kama Septrin. Miligramu 960 kila baada ya saa 12 kwa siku 3. Kidonge cha kawaida ni 480 (ndani kuna sulfa 400 na traimethoprimu 80), kwaiyo unameza viwili asubuhi na viwili usiku. Mtu akipewa kimoja kimoja amepewa nusu dozi. Inafaa pale ambapo usugu (bakteria kuizoea dawa) wa eneo lenu hauko juu. Mtu ambaye tayari anaimeza kila siku kama kinga, mfano baadhi ya wanaoishi na VVU, hii haimfai kutibu UTI, bakteria waliopo ni wale walioshaizoea.

Fosfomisini, gramu 3, mara moja tu basi. Ni unga wa kwenye pakiti, unakoroga kwenye glasi ya maji, unakunywa hapo hapo tumbo likiwa halina chakula, vizuri zaidi usiku unapoenda kulala na umeshakojoa, ili dawa ikae kibofuni usiku kucha. Watu hawaamini dozi ya mara moja, kesho yake wanarudi kutaka "ya kuongezea". Dalili zinaweza kuchukua siku mbili tatu kuisha, dawa bado iko kwenye mkojo inafanya kazi.

Amoksilini iliyochanganywa na klavulaneti, 625 (yaani 500 na 125), kila baada ya saa 8, siku 3 mpaka 5. Inasaidia ila tumbo linaweza kuendesha. Amoksilini tupu bila klavulaneti usianze nayo kwa kubahatisha, E. koli wengi wameshaishinda, itumike pale tu kalcha (majibu ya mkojo uliooteshwa) imesema inafaa.

Sefaleksini 500, mara mbili mpaka tatu kwa siku, siku 5 mpaka 7. Ya akiba nzuri, hasa kwa wajawazito, nitairudia.

Na sipro? Kwa kibofu kilichowaka kawaida dozi ya siprofloksasini ni 250 kila baada ya saa 12 kwa siku 3, sio 500 kwa siku 5 kama karatasi ya yule dada. Lakini hata hiyo isiwe chaguo la kwanza. Mwaka 2016 mamlaka ya dawa ya Marekani, FDA, ilitoa onyo kwamba kundi hili lisitumike kwa UTI ndogo kama kuna dawa nyingine, kwa sababu ya madhara kwenye kano, neva na akili. Kano ya kisigino inaweza kukatika, hasa kwa wenye zaidi ya miaka 60 na wanaotumia steroidi. Shirika la Afya Duniani nalo limeiweka kwenye kundi la dawa za kuangaliwa, wakati nitrofurantoini na kotrimoksazoli ziko kundi la kutumika mwanzo. Ukiimaliza sipro kwenye kibofu, siku figo ikiwaka utakuwa umeshaitumia silaha yako.

Hatua ya 4: ikiwa imepanda kwenye figo

Hapa sasa sipro ina nafasi yake: 500 kila baada ya saa 12 kwa siku 7, au levofloksasini 750 mara moja kwa siku kwa siku 5. Kotrimoksazoli 960 mara mbili kwa siku ni mpaka siku 14, na ni baada ya kalcha kukubali. Sehemu ambazo usugu wa sipro uko juu, wanaanza na sindano ya seftriaksoni gramu 1 kisha vidonge vinafuata. Anayelazwa anabaki kwenye sindano mpaka homa ishuke na aweze kula, halafu anamalizia na vidonge nyumbani, siku zote zinahesabiwa pamoja.

Niseme kidogo kuhusu jentamaisini maana hapa kuna mchezo. Watu wanakwenda kuchomwa "genta" moja moja, ampuli ya miligramu 80, leo moja kesho moja, wanasema wanatibu UTI sugu. Dozi ya mtu mzima ni kama miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Mtu wa kilo 60 ni miligramu 300, karibu ampuli nne kwa mara moja. Hii dawa inaua bakteria kwa kupanda juu sana kwa muda mfupi, ndo maana inatolewa yote kwa pamoja, ile 80 ya kudonoa inamfundisha bakteria tu. Na hiyo 300 haichomwi kienyeji, inaweza kuharibu figo na masikio, kwaiyo kuna vipimo vya figo vinavyotakiwa kufuatwa. Ukiambiwa uchomwe mahali ambapo hakuna anayejua hata uzito wako, ondoka.

Hatua ya 5: tafsiri karatasi iwe saa

1x2 maana yake kidonge kimoja mara mbili ndani ya saa 24. Kwenye bahasha ya dawa utakuta "kutwa mara tatu", na hili neno kutwa limewaponza wengi, wanachukua kutwa kama mchana, basi asubuhi kimoja, mchana kimoja, jioni kimoja, halafu usiku mzima bakteria wana likizo ya saa 14. Mara tatu ni kila baada ya saa 8. Jipangie hivi:

- Mara mbili: saa 1 asubuhi na saa 1 usiku
- Mara tatu: saa 12 asubuhi, saa 8 mchana, saa 4 usiku
- Mara nne: saa 12 asubuhi, saa 6 mchana, saa 12 jioni, saa 6 usiku

Kwa nini saa ni muhimu zaidi kwa dawa zingine? Ukoo wa amoksilini na sefaleksini unaua bakteria kwa kukaa juu ya kiwango fulani muda mrefu, na mwilini unaisha haraka, amoksilini nusu yake inaondoka ndani ya saa moja hivi. Ukiruka saa 8 zikawa 14, kuna saa nyingi hapo katikati ambazo dawa haipo kabisa. Kotrimoksazoli inakaa zaidi, kama saa 10 nusu ndo imeondoka, ndo maana mara mbili zinatosha. Weka alamu kwenye simu, usiamini kichwa.

Ukisahau, meza ukikumbuka, ila kama muda wa kinachofuata umekaribia sana ruka uendelee na ratiba. Usimeze viwili kufidia. Ukitapika muda mfupi baada ya kumeza piga simu au rudi famasi uulize, inategemea dawa na dakika zilizopita.

Kabla hujaondoka dirishani hesabu vidonge, ni hesabu ya darasa la tatu: vidonge kwa mara moja, zidisha mara kwa siku, zidisha siku. Nitrofurantoini ya taratibu 1x2 siku 5 ni 10. Septrin 480, 2x2 siku 3 ni 12. Amoksilini na klavulaneti 1x3 siku 5 ni 15. Sipro ya figo 1x2 siku 7 ni 14. Ukipewa kumi wakati hesabu inasema kumi na nne, uliza kabla hujalipa, sio siku ya tano usiku.

Hatua ya 6: je wewe ni mmoja wa hawa?

Mjamzito. Hapa hata bakteria bila dalili wanatibiwa, maana wakiachwa wanapanda kwenye figo kirahisi. Sefaleksini 500 mara mbili au tatu kwa siku, siku 5 mpaka 7, ni chaguo la amani. Fosfomisini gramu 3 mara moja nayo inatumika. Nitrofurantoini inafaa katikati ya mimba ila sio karibu na kujifungua, kuanzia wiki ya 38 hivi, inaweza kuvunja chembe nyekundu za damu za mtoto. Kotrimoksazoli haipendekezwi miezi mitatu ya mwanzo kwa sababu inagombana na foliki, na karibu na kujifungua pia. Sipro na doksi (doksisaiklini) ziache. Baada ya dozi mkojo unaoteshwa tena kuhakikisha wameisha, hii sehemu inasahaulika sana.

Mwanaume. Siku 3 hazimtoshi, ni 7. Zamani walikuwa wanapewa mpaka 14 ila utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2021 kwa wanaume wasio na homa uliona siku 7 za sipro au kotrimoksazoli zinatosha sawa na 14. Kama tezi dume nayo imeshambuliwa (homa, maumivu kati ya korodani na njia ya haja kubwa, mkojo unatoka kwa shida) ni wiki kadhaa na nitrofurantoini haifiki huko.

Mtoto. Dozi ni kwa kilo sio kwa umri. Mfano kotrimoksazoli, traimethoprimu miligramu 4 kwa kilo, kila baada ya saa 12. Mtoto wa kilo 10 ni miligramu 40. Dawa ya maji ya 240 ina traimethoprimu 40 kwenye mililita 5, basi ni mililita 5 asubuhi na 5 usiku. Tikisa chupa kwanza, dawa inakaa chini, usipotikisa siku za mwanzo anakunywa maji matamu na siku ya mwisho anakunywa dawa yote. Tumia bomba la sindano lisilo na sindano au kikombe kilichokuja na chupa, vijiko vya nyumbani havifanani. Chini ya wiki 6 hii dawa hapewi. Na mtoto mwenye homa na UTI apelekwe, figo za watoto zinapata makovu.

Mwenye mpira wa mkojo. Mpira ukishakaa muda utolewe uwekwe mpya, bakteria wamejenga utando ndani yake ambao dawa haiupenyi, utameza siku 7 halafu wanatoka upya kwenye mpira ule ule.

Aleji. Kama uliwahi kuvimba uso au kubabuka kwa sulfa, Septrin hapana kabisa. Kama ni penisilini, sema ilikufanyaje, kwa sababu kuharisha sio aleji lakini kuvimba koo ni jambo lingine. Mwenye upungufu wa kimeng'enya cha G6PD (kinacholinda chembe nyekundu za damu) akae mbali na nitrofurantoini na sulfa.

Hatua ya 7: figo na umri, piga hesabu

Hili ndo kosa ninaloliona kwa wazee kila wiki. Mama wa miaka 72, kilo 50, kriatinini (kipimo cha damu cha kuangalia figo) 1.4. Ukiangalia hiyo 1.4 peke yake unasema imepanda kidogo tu. Sasa hesabu: 140 toa miaka 72 unapata 68, zidisha kilo 50 ni 3400, gawa kwa (72 mara 1.4) ambayo ni 100.8, unapata 33.7, na kwa sababu ni mwanamke zidisha 0.85, inabaki karibu 29. Yaani figo zake zinachuja mililita 29 kwa dakika.

Kwa 29 nitrofurantoini haimfai. Haifiki ya kutosha kwenye mkojo kuua, halafu inalundikana mwilini kuleta madhara, miongozo mingi inakataa chini ya 30 na mingine chini ya 45. Kotrimoksazoli kati ya 15 na 30 inapunguzwa nusu, chini ya 15 iachwe. Sipro nayo inapunguzwa. Hiyo 72 ya kwenye hesabu haina uhusiano na miaka yake, imegongana tu, kanuni inayo kila mara. Na kama maabara yenu inaandika kriatinini kwa maikromoli (utaona namba kama 124) kanuni hii haiingii moja kwa moja, gawa kwanza kwa 88.4.

Hatua ya 8: dawa unazomeza tayari

Taja zote, hata za tumbo. Sipro ikikutana na maziwa, vidonge vya madini ya chuma, zinki, kalsiamu au dawa za kiungulia zinashikana tumboni na haiingii, meza sipro saa 2 kabla ya hivyo au saa 6 baada. Kotrimoksazoli pamoja na dawa za presha za kundi la enalaprili au losartani, au spironolaktoni, inapandisha potasiamu, moyo unaweza kwenda vibaya, na kwa mzee hii sio mchezo. Kotrimoksazoli na warfarini (dawa ya kuzuia damu kuganda), damu inakuwa nyepesi kupita kiasi. Na methotreksati, usijaribu. Sipro na tizanidini ya misuli ni marufuku.

Na kuna dawa ambazo watu wanabebeshwa kwa UTI bila sababu. Flagyl haimgusi E. koli. Azithromaisini inatoka zaidi kwa njia ya nyongo, kwenye mkojo inafika kidogo. Doksi ni ya klamidia na wenzake. Zile za kubadilisha mkojo kuwa rangi ya machungwa zinapunguza kuchoma tu, hazitibu, ukitumia pamoja na antibayotiki siku mbili zinatosha.

Hatua ya 9: siku ya tatu, na siku inaporudi

Kibofu kinatakiwa kutulia ndani ya saa 48 mpaka 72. Figo, homa iwe inashuka muda huo huo. Kama hakuna mabadiliko usiongeze miligramu mwenyewe wala usiunganishe dawa ya pili, rudi, mkojo uoteshwe na kwa figo pengine upigwe ultrasaundi kuona kama kuna jiwe au usaha. Upele, malengelenge mdomoni, kifua kubana, kisigino kuuma ghafla au kuharisha sana: acha na uende leo.

Dalili zikiisha siku ya pili, malizia siku ulizoandikiwa, siku zenyewe zimeshapunguzwa vya kutosha na watafiti.

Neno UTI sugu linatumika ovyo. Kurudiarudia kitaalamu ni mara 2 ndani ya miezi 6 au mara 3 ndani ya mwaka, na inathibitishwa na kalcha, sio kwa kijiti wala kwa mkojo kuwa wa njano. Ikiwa ni bakteria yule yule anarudi ndani ya wiki mbili, hakuuawa, au ana pa kujificha kama jiwe au tezi dume. Akiwa mwingine, ni maambukizi mapya, na hapo mnazungumza kinga: wanawake waliokuwa wanakunywa chini ya lita 1.5 kwa siku walipoongezewa lita 1.5 nyingine, UTI zao zilipungua karibu nusu kwenye utafiti wa mwaka 2018. Aliyekoma hedhi anasaidiwa na krimu ya estrojeni ya ukeni. Dozi ndogo ya kinga, mfano nitrofurantoini 50 mpaka 100 usiku, au kidonge kimoja baada ya tendo kwa ambaye inamjia baada ya tendo, hiyo inaamuliwa na daktari na ikiendelea kwa miezi inafuatiliwa, mapafu na ini.

Yule dada nilimrudisha na karatasi yake. Mkojo ulioteshwa, bakteria alikuwa E. koli, sipro kwenye majibu ilikuwa na herufi ya usugu na nitrofurantoini inafaa. Tukaandika kwenye bahasha saa 1 asubuhi, saa 1 usiku, na chakula, vidonge kumi, na vile vinne vya kwenye pochi akaviacha kwangu.